Kura ya Alfajiri

Kwa jina la Mungu aliyeziumba siku na kuzipanga. Amani iwe kwako, msomaji, ikiwa mimi nimelala na wewe umelifungua daftari hili.

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimegundua jambo! Ndani ya simu imo kamusi elezo, na humo pana mahali ukibonyeza unaletewa ukurasa wowote, bila kuchagua. Wameuita ukurasa wa bahati. Makosa. Hiyo ni kura, kama ile iliyompata Mathia mtume. Nimeweka agano: kila siku nitabonyeza mara moja na kutuma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa letu hapa Magwagwa. Sitasoma kwanza, asomaye kwanza amekwisha kuchagua. Leo: konokono wa baharini. Amina tatu!

Jumatano, 5 Machi
Reli ya Norwe. Amina moja, ya Persis, mke wangu, nayo nilimbonyezea mwenyewe. Ratemo, jirani yangu na msaidizi wangu katika darasa la Shule ya Sabato, ameuliza kundini kama reli hiyo itapita kwenye majani chai yake, aanze kudai fidia. Watu wakacheka. Darasa hilo nimelifundisha miaka ishirini na sita. Ratemo amelimezea mate miaka yote hiyo. Nimemwombea, kwa sauti, dirisha la upande wake likiwa wazi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechelewa shambani. Nimetuma jua likizama, na maneno haya: Wapendwa, pokeeni chakula cha roho cha kuingilia Sabato. Kisha nikazima simu, ipasavyo.

Jumamosi, 8 Machi, Sabato ikiisha
Kumbe ilikuwa pombe ya ndizi! Hatua kwa hatua, na picha. Ratemo alisimama mbele ya kanisa zima akasema omogaka (mzee, yaani mimi) ametufundisha kupika, basi Sabato ijayo atuletee na vikombe. Akina mama walificha nyuso katika vitabu vya nyimbo. Obadiah, mzee wa kanisa mwenzangu, akanivuta kando akauliza mtu akikosa mtama atie nini. Nilimkemea. Nilimwambia pia asome hatua ya nne. Elimu ni elimu.

Jumapili, 9 Machi
Baraza la kanisa. Gladys, karani wetu na msimamizi wa kundi, alisoma uamuzi: mzee wetu Onyancha akituma ukurasa mmoja zaidi, darasa ni la Ratemo. Nikauliza kama Mathia naye aliitiwa baraza. Gladys akasema Mathia hakuwa na bando. Nimetoka bila kofia! Nyumbani Persis akaniuliza, Baba Nyangate, hao konokono watakupeleka wapi? Nimemwahidi kwamba nitamwuliza Mungu.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepiga magoti alfajiri. Bwana, ukitaka ninyamaze, kura na iseme. Nikabonyeza. Leo nimesoma kwanza, kwa kuwa jibu lilikuwa langu. Ukurasa juu ya watawa walioweka nadhiri ya kunyamaza! Sijapata kujibiwa waziwazi namna hii. Ushuhuda mkubwa hivi siwezi kukaa nao peke yangu. Nimeutuma, pamoja na maelezo yangu, sehemu kumi na moja.

Kufikia saa mbili Gladys alikuwa ameniondoa kundini, na Ratemo yuko mlangoni kuchukua vitabu vya somo. Nimempa. Lakini kwanza nimemsomea ukurasa wote, mimi nimeketi, yeye amesimama.

Darasa limekwenda. Agano liko palepale! Nimefungua kundi langu mwenyewe. Sikuchagua mtu, nimeingiza majina yote yaliyo katika simu, hata fundi wa pikipiki wa Kenyenya.

Mungu akubariki, msomaji, wewe na nyumba yako yote, awape afya na utulivu. Ikiwa namba yako ninayo, umo tayari.