Teksi Iliyopitwa na Baiskeli

Kulikuwa bado giza nilipokisikia kifuniko cha birika kikigonga, tik, tik, tik. Nikaipua kahawa upesi kabla hakijamwamsha binti yangu, maana alikuwa ametoka zamu ya usiku. Kulipokucha nilikuwa nimeshapanga vikombe kwenye benchi langu la kuuzia kahawa, pembeni ya cherehani ya Mzee Sindano.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Suka, msusi wetu. Hakusubiri hata kukaa.

"Bibi, umezisikia habari? Teksi ya Breki jana imepitwa na baiskeli! Mlimani! Baiskeli yenyewe ina magunia mawili ya mkaa na kuku juu!"

Breki mwenyewe alikuwa anakuja nyuma yake na wenzetu wengine, funguo za gari mkononi. Akakaa, akashika kikombe bila kunywa.

"Kuku hakuwepo," akasema.

"Kwa hiyo mkaa ulikuwepo?"

"Mkaa ulikuwepo."

"Na mwenye baiskeli alikuwa ameipanda?"

Breki akaangalia chini. "Alikuwa anaisukuma."

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Gia Tano, dereva wa malori aliyestaafu, alipaliwa na kahawa, na Mama Suka akampiga mgongoni huku mwenyewe akifuta machozi.

"Chekeni tu," Breki akasema. "Leo saa nne naliuza."

Hapo kicheko kikakatika. Gari lile ndilo linalomlisha yeye, mkewe na mapacha wao wachanga.

"Linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu," alidakia Kamisheni, dalali wetu, aliyekuwa amesimama akichezea simu. "Mteja nimeshampata. Injini imekufa, jamani, tusidanganyane."

"Wewe injini unaijulia wapi?" Mama Suka akamgeukia. "Juzi umeuza friji ukasema ni kabati lenye taa!"

"Na mteja hajalalamika."

"Atalalamika saa ngapi, hajapata umeme!"

Gia Tano akainua mkono, akageuza mwili wote amtazame Breki. "Mwanangu, nieleze taratibu. Ukikanyaga mafuta linafanyaje?"

"Nakanyaga, halijibu. Linaguna kwanza, mmmm, kama linafikiria. Halafu ndiyo linajivuta."

"Kama mume wangu nikimtuma dukani," Mama Suka akasema.

"Shemeji huwa anafika lakini," akajibu Kamisheni.

"Anafika duka limefungwa!"

"Hebu tulieni," Gia Tano akasema. "Kebo ya mafuta umeangalia?"

"Imekazwa vizuri."

"Plagi?"

"Mpya."

"Moshi je?"

"Mweusi, mzee wangu. Nikipita kwenye kamba za nguo, akina mama wanazianua."

"Mafuta linapata, basi. Huenda linakosa hewa. Vumbi la ile barabara mpya."

"Vumbi haliwezi kuwa!" akasema Mzee Sindano kutoka kwenye cherehani yake.

Tulimgeukia sote. Mzee huyu husema maneno machache, na mengi huyasema pini zikiwa mdomoni. Safari hii alikuwa amezitoa.

"Umejuaje, mzee?" Breki akauliza.

"Nimesema tu. Vumbi haliwezi kuingia humo." Akatabasamu ndani ya kikombe chake kama mtu aliyeficha zawadi.

Gia Tano alikuwa ameshanyanyuka. Gari lilikuwa hapo hapo mbele ya benchi, kwa hiyo tulimfuata wote, mimi na birika langu. Akafungua boneti, akakiendea kile kiboksi cheusi ambamo injini huvutia hewa. Akabandua vibanio, akainua mfuniko.

"Breki," akasema, "gari lako limevaa suti."

Tukachungulia. Lile chujio la karatasi la kuzuia vumbi lilikuwa limevikwa koti la kitambaa kizito cha kijivu, lenye bitana ndani. Lilikuwa na pindo safi na vifungo viwili, na kwa kweli lilikuwa limelikaa sawasawa.

"Hata mfuko lina!" Mama Suka akapiga kelele. "Mfuko wa nini?"

"Nguo bila mfuko haijakamilika," Mzee Sindano akajibu polepole. Uso ulikuwa umemshuka. "Breki alikuwa analia vumbi litamuulia gari. Siku moja ya mvua aliponirudisha nyumbani, akaingia ndani kumjulia hali mama watoto wangu, mimi nikafungua. Nilikuwa nimemwona fundi wa magari akifungua. Nikakuta karatasi tupu, uchi kabisa. Nikaionea huruma. Nikaipima, nikaishonea, na aliponirudisha tena nikaivisha."

"Ndiyo maana halipumui!" Gia Tano akalivua lile koti kwa adabu, kifungo kimoja kimoja, kama anayemvua mgonjwa, akarudisha mfuniko. "Washa. Kanyaga."

Breki akakanyaga. Gari likanguruma papo hapo, Kamisheni akaruka nyuma simu ikamponyoka. Breki akazunguka mtaa mara moja, akarudi anacheka peke yake.

"Kamisheni, mwambie mteja wako gari limefufuka."

"Na mimi nimwambie nini mke wangu? Nilishamwahidi kitoweo!"

"Mwambie umeuza kabati lenye taa."

Wakatawanyika wakicheka, mmoja kwa wateja wake, mwingine kwa simu yake. Mzee Sindano alirudi kwenye cherehani akakaa mgongo kwa barabara. Hakushona kitu. Nilimmiminia kahawa, hakuigusa.

Breki alimwona pia. Abiria wawili walikuwa wameshaanza kumpungia mkono, naye akawaomba wamsubiri kidogo. Akafungua milango yote minne.

"Mzee, njoo uone viti vyangu. Vimechanika, sponji limetoka. Vile havihitaji hewa. Nishonee nguo, kitambaa kile kile."

Mzee hakugeuka. "Na mifuko?"

"Kila kiti mifuko miwili. Abiria waweke simu."

Hapo akageuka, akachukua futi yake ya shingoni, akaenda kuvipima. Alichukua muda mrefu, abiria wakavumilia. Breki alipowasha gari aondoke, mzee aliweka kiganja kwenye dirisha.

"Kesho upite, mwanangu," akasema. "Viti havitakuwa tayari. Wewe pita tu."