Jinsi Rafiq Alivyolisimamisha Gari la Ijumaa kule Al Warqa

Sogeeni, enyi walinzi wa mageti na wapiga pasi wa nyumba za watu, niwahadithie vita vya Ijumaa ya Al Warqa, mtaa wa huku Dubai, vita ambamo hamkumwagika damu ila maji ya ndoo, navyo vilipiganwa na Rafiq mtunza bustani, simba wa mpira wa kumwagilia, mwana wa kijiji kimoja cha jimbo la Bihar, India, ambacho wakazi wake huisha kuhesabiwa kabla chai haijachemka.

Rafiq alikuwa amekumbatia mfuko wenye raba za mama yake. Huko kwao basi halifiki. Mama huyo hukatiza mashamba asubuhi nzima, pekupeku, hadi barabara kuu, na basi likiona kichwa kimoja halisimami. Mwanakijiji mwenzake aliyekaa Al Muraqqabat alikuwa anasafiri kwenda nyumbani jioni ile. Kama viatu visingemfikia msafiri huyo, vingengoja mwaka mwingine, na miguu ya mama vilevile. Wazo hilo lilimuuma Rafiq.

Njia ya kufika Al Muraqqabat ilikuwa gari la Ignatius, Mganda mwenye roho ngumu, ambaye akifika kwenye mzunguko huuchungulia mtaa: akiona umati huingia, akiona wachache hukanyaga mafuta.

“Bhai Rafiq, tuko watatu tu,” alisema Gerishom, mlinzi kutoka Vihiga. “Ignatius akitucheki hivi, anapita. Khalas.”

Rafiq akapanda juu ya ukingo wa bustani, akanena kwa Kiswahili alichofundishwa na walinzi:

“Ewe Gerishom usiyelala ila mchana, nawe dada Joweria, malkia wa pasi, nisikilizeni! Mimi nimezaliwa mahali pasipo watu. Kwetu tukingoja basi kwenye barabara kuu, tunasimamisha majembe kando yake, tunayavika mashati na vilemba, na dereva anaona kijiji kizima. Yalla, leteni kila chenye mpini.”

“Na madam akiona yunifomu zangu barabarani, nitamwambia nini, ssebo?” aliuliza Joweria.

“Mwambie zimekwenda vitani, zitarudi zimenyooka.”

Ndipo jeshi likajipanga ukutani: fagio lenye kofia ya ulinzi, reki ndani ya ovaroli, dekio lililovaa yunifomu ya Joweria na bado likidondosha maji, na mbele yao mwavuli wa bustani, jitu lililovishwa koti la mvua ambalo Gerishom hakuwahi kulivaa tangu atoke Vihiga.

Gari likatokea kwenye mzunguko. Likasita. Likakata kona, likaingia mtaani.

Hapo mageti yakafunguka mtaa mzima. Kumbe nyuma ya kila ukuta palikuwa na mtumishi mwenye mapumziko ya Ijumaa aliyechungulia, akaona hakuna watu, akavua viatu akarudi ndani. Sasa waliona umati, wakatoka mbio. Kabla Ignatius hajauliza kwa nini abiria wengine hawana nyuso, viti vilikwishajaa, Joweria dirishani na Gerishom amebanwa nyuma. Rafiq alikuwa akiinua reki iliyoanguka, kwa maana jemadari hamwachi askari wake chini.

“Hakuna nafasi, bhai,” alisema Ignatius. “Hata ya huyo mwembamba uliyemshika.”

Rafiq aliiegemeza reki ukutani. Kisha akaupitisha mfuko dirishani.

“Dada, huyo jamaa yangu wa Al Muraqqabat amwambie mama asivifungie sandukuni. Avivae.”

“Nitampa huyo jamaa yako mkononi,” alisema Joweria. “Nitasimama hapo mpaka afunge begi.”

Gari likaondoka, na Rafiq akabaki akilivua jeshi lake nguo.

Basi wekeni kumbukumbu, enyi vizazi, kwamba Ijumaa ile mtaa usio na watu ulionekana una watu, na raba zenye kamba nyekundu zikavuka bahari begini. Na mwezi haukuisha kabla mama mmoja hajasimama peke yake kando ya barabara kuu ya Bihar, akapunga mkono, basi likampita kama kawaida yake. Naye akazitazama raba zake, akaendelea na safari kwa miguu hadi sokoni, hana neno na mtu.