Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Nimekwisha. Mke wangu ametupa chumvi yote, hata ile ya akiba! Kisa? Nilihema kidogo nikipandisha kochi la mteja ngazini. Sasa Ijumaa lazima niende zahanati nikapimwe presha, nimletee karatasi aione kwa macho yake. Baba alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Naogopa, sifichi. Nikipimwa nitajua, na nikijua hofu itanimaliza kabla ya ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi
Mboga za kuchemsha, asubuhi mpaka jioni. Nimenunua chumvi yangu, nimeificha karakanani, ndani ya kopo la misumari. Leo nimetafuna msumari pamoja na yai. Jino linacheza. Kutwa nzima nimeweka mkono kifuani. Moyo unadunda. Nikausikiliza, ukadunda zaidi!

Jioni nilitumwa nikatembee, eti damu ichangamke. Nilitembea hadi kibanda cha chipsi. Nikala, nikalowesha uso, nikarudi nahema. Mke wangu akanifuta jasho kwa taulo, akasema najitahidi kweli. Iliniuma. Ila chipsi zilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata dawa! Kaka wa mke wangu. Tunamwita Fito kwa wembamba wake, hana kitambi hata cha kusingiziwa. Akipimwa kwa jina langu, karatasi itatoka safi. Alikataa katakata. Akasema, shemeji, dada akijua atatuua wote wawili. Nikamwahidi kumtengenezea kochi lake lililobonyea. Akaniuliza nina vitambaa vya rangi gani.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Fito aliingia, mimi nikabaki nje na chipsi zangu. Muuguzi akampima mkono wa kushoto, akampima wa kulia, akakimbia kumwita daktari. Presha iko juu kupita kiasi! Wakamlaza papo hapo. Wakampigia mke wangu simu, maana namba yake ndiyo tuliyoandikisha: mume wako amelazwa.

Alikuja mbio, kiatu mguu mmoja, analia baba watoto, baba watoto. Akanipita mlangoni bila kuniona. Akafunua pazia, akamkuta kaka yake! Akatoka, akanikuta mimi, mafuta yananichuruzika kidevuni.

Hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akasema alidhani nimeshakufa. Nilinywea kabisa. Nikaapa kubadilika, nikapimwa palepale. Iko juu, ingawa si kama ya Fito. Nipunguze chumvi na mafuta, nitembee, nirudi mwezi ujao. Kumbe wembamba si kinga. Fito anavuta sigara, halali vizuri, na humwagia chakula chumvi kabla hajaonja. Daktari kasema bora alifika leo.

Jumapili, 6 Aprili
Kesho napimwa tena. Chumvi nimepunguza, Mungu shahidi: zamani nilichota kwa kijiko, sasa nachovya kidole. Kidole gumba.

Aliyebadilika ni Fito. Ameacha sigara, anameza dawa bila kukosa, anatembea kila asubuhi, analala mapema. Juzi kapimwa. Daktari kafurahi mpaka kampa mkono, presha imekaa sawasawa!

Nimewaza tangu jana. Ng'ambo ya barabara kuna zahanati nyingine, hawatujui. Jioni nimemwendea Fito kimyakimya, nikamuuliza kama lile kochi lake halihitaji na mito.