Uzinduzi wa Mashine ya Kukausha Nyaraka, Kitale

Mheshimiwa Bwana D.O., machifu na manaibu wa machifu, wazee wa mitaa, wachungaji wa madhehebu yote, wafanyabiashara wa mji huu, wageni wetu mliotoka Bungoma, Myanga hadi Naitiri na karatasi zenu kwenye beseni, mabibi na mabwana, hamjambo? (Wanajibu wachache.) Nimesema, hamjambo? (Makofi.)

Mimi, Zachary Walubengo, Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, nasimama hapa maktabani kwa furaha isiyo kifani kuwatangazia ya kwamba, tangu mafuriko ya Mei yaingie majumbani na kulowesha hati za mashamba, vyeti vya ubatizo na picha za arusi, kamati yangu haijalala: tumefanya mikutano kumi na minne, semina mbili na fizibiliti stadi moja, na implimentesheni imefikia asilimia tisini na mbili. (Makofi. Mtu anauliza mashine iko wapi.) Huyo atajibiwa kwa njia zinazofaa.

Wapo waliokuwa na haraka. Bi. Wacera, mkutubi wetu, aliniambia karatasi iliyolowa haingoji mtu, ati ianikwe kivulini siku hiyo hiyo, gazeti kavu katikati ya kurasa, ama ukungu utaimaliza. Nilimjibu kwamba nyaraka za wananchi si omena, visamaki vya kuanikwa. Nikaamuru zitiwe kwenye magunia, zipigwe lakiri, zingojee mashine. (Minong'ono.) Lakini yeye, kinyume cha waraka wangu, akafunga kamba kati ya rafu zake, na Mama Shakuntala wa duka la vitambaa akakataa gunia, akampelekea albamu ya arusi yake. (Mama Shakuntala anaiinua albamu. Vigelegele.) Mama, tafadhali keti, tumeiona. Ndiyo, hata marehemu mumeo, Mzee Darshan, anaonekana, na kilemba chake chote. (Kicheko.)

Sasa, kama kiongozi wa mfano, katika gunia la kwanza kabisa nilitia picha ya mama yangu, ile moja tu tuliyo nayo, aliyopigwa Kibabii kabla sijazaliwa. Jana tulilifungua hilo gunia tupate cha kuwaonyesha wageni, tukakuta ukungu. (Anakunywa maji.) Hapa katika hotuba yangu hapajaandikwa kitu. Niliumia sana, bana.

Tuendelee. Nyaraka kavu! (Wachache: Taifa imara!) Mafuriko juu? (Sauti: Chini!)

Mwisho kabisa, namshukuru Bi. Wacera kwa kutuazima chumba hiki, kamba, vibanio, na hiyo meza iliyofunikwa kitambaa, ambayo naomba msiifunue kwa kuwa chini yake ni meza tu, maana mashine hatukuiagiza na wala hatujui inauzwa wapi. Na kama kwenye kamba yako kumebaki nafasi, Bi. Wacera, picha yenyewe ni hii. Imeshikana na bahasha, lakini jicho moja bado laonekana.

(Bi. Wacera anakuja mbele, anaipokea kwa mikono miwili, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. “Haikaushwi bado, Mzee,” anasema. “Kwanza tuiloweke, iachane na bahasha.”)