Jiko la Kirumi la Stechford

Jumamosi, 7 Machi
Jiko la ukumbi wa chama chetu cha Wakenya huku ughaibuni, Stechford, limefungwa. Nyaya za umeme zimeoza. Katibu wetu, Jepchirchir, anataka harambee. Harambee tena! Nimesoma kitabu cha maktaba: katika miji ya mikoani, Warumi wa kale hawakusumbuana hivyo. Aliyetaka cheo aliahidi kujenga bafu au soko kwa fedha zake, akachongewa jina kwenye jiwe. Nimependekeza tuige, kwa kuwa kesho tunachagua mwenyekiti. Wamekubali. Hawajui ninamlenga Kipchumba wa Sutton Coldfield, mwenye hela na asiyekubali kushindwa. Nitaahidi jiko, naye atapandisha dau ili ashinde. Tutapikia bure.

Jumapili, 8 Machi
Nimeahidi jiko zima. Na oveni mbili! Kipchumba amepiga makofi. Anasema hawezi kushindana na moyo kama wangu. Nimepita bila kupingwa. Magdalene, mke wangu, hakupiga makofi.

Jumanne, 10 Machi
Nimemweleza Jepchirchir kwamba ahadi ya jukwaani si ahadi hasa. Kumbe naye amesoma. Kwa Warumi, aliyekufa kabla ya kumaliza jengo aliwaachia warithi deni. Nimemuuliza binti yetu Achieng kama angelirithi. Amejibu kwa Kiingereza kwamba yeye hayumo.

Ijumaa, 20 Machi
Fedha zilizopo ni nauli ya Magdalene ya kwenda Kitale kumwona mamake. Amezipata kwa zamu za usiku wodini. Nimemwomba.
"Walter, mama amezeeka," alisema. Akatoa.
Nilijisikia vibaya hadi chakula cha jioni. Kisha nikaenda Great Barr kwa Tejinder, mchonga mawe ya makaburi, kuagiza jiwe la jina langu. Akauliza marehemu alifariki lini. Nikasema marehemu ni mimi. Akauliza kama aache nafasi ya tarehe.

Jumamosi, 25 Aprili
Uzinduzi. Nimevuta kitambaa. Jiwe linasema: JIKO HILI LIMEJENGWA NA MAGDALENE. Mimi sipo hata pembeni! Kumbe Magdalene alimpigia Tejinder simu. Alisema mwenye fedha ndiye mwenye jiwe. Jepchirchir akapitisha sufuria mpya ya michango, na nauli ya Kitale ikapatikana kabla chai haijachemka. Kipchumba alitoa kuliko wote. Magdalene alilia kwa furaha, akanishika mkono. Nami nilifurahi, ila walivyomshangilia Kipchumba roho iliniuma.

Jumapili, 26 Aprili
Magdalene anapanga sanduku. Nimeazima kitabu kingine. Miji mingine ilimpigia tajiri kura ya kumjengea sanamu. Naye, akitosheka na heshima hiyo, alilipa gharama mwenyewe! Nimeandika pendekezo la sanamu ya Kipchumba. Ili asishtuke, tutaanza kwa kunipigia mimi kura ya sanamu.