Kriketi Asubuhi, Mpira Alasiri

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya nchi mbili. Siyo mbele ya jirani. Siyo mbele ya wakwe. Nchi mbili nzima, Tanzania na Uganda, zimekaa kwenye viti zikinitazama.

Nawaeleza mwenyewe mapema, maana huko sokoni wameshaanza kutia chumvi, na kisa chenyewe kimekolea tayari.

Mnajua mimi ndiye katibu wa kamati ya uwanja hapa Bukoba mjini. (Kazi haina mshahara, ila watu wanakuita "Ndugu Katibu" hata ukiwa unanunua nyanya. Napenda. Sikatai.) Wiki iliyopita waliingia ofisini kwangu watu wawili, na kila mmoja alitaka uwanja Jumamosi ya leo.

Wa kwanza ni Bwana Hasu, mwenye duka la vitambaa, kapteni wa timu ya kriketi ya hapa mjini. Wa pili ni Ishengoma, yule mchinjaji wa kijiji cha Nshamba, kapteni wa timu yao ya mpira. Bwana Hasu alikuwa na wageni kutoka Kampala, wanakuja kwa meli. Ishengoma alikuwa na nusu fainali dhidi ya timu ya mjini, iliyopangwa tangu Pasaka.

"Hao wageni wako si walikuwa waje mwezi uliopita?" Ishengoma akauliza.

"Walikuwa waje," akasema Bwana Hasu. "Wakasema wana ligi yao kwao. Nikawapa tarehe nyingine, wakasema timu ya Nairobi inakuja kwao. Nikawaambia njooni wakati wa mvua, wakacheka. Sasa wamepata Jumamosi hii. Nikiwakataa, hawaji tena. Miaka miwili nawabembeleza, ndugu yangu!"

"Na mimi malori nimeshayaagiza. Nshamba nzima inakuja. Niwaambie nini? Warudi wakapalilie migomba?"

Wakaanza kupandisha sauti. Mmoja anasema wageni wa nchi nyingine ni heshima ya taifa, mwingine anasema taifa ni wakulima. Wote wawili wana haki! Nikasimama. Nikaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu," nikasema, "hii ni nchi ya ujamaa. Uwanja ni wa wote. Kriketi asubuhi, mpira alasiri. Nimemaliza."

Nikajiona mtu mwenye busara ya kupelekwa Umoja wa Mataifa.

Bwana Hasu akafungua mdomo. "Lakini Ndugu Katibu, kriketi..."

"Nimesema nimemaliza."

Akaufunga. (Hapa ndipo ningepaswa kumwacha aseme. Nakumbuka hata mdomo wake ulivyokuwa.)

Sasa leo. Nimefika uwanjani asubuhi nimevaa suti yangu ya kola ya Mao, ile ya sikukuu. Sijawahi kuona kriketi maishani mwangu. Nilidhani ni mchezo wa kugonga-gonga tu, wa wenye maduka kupumzisha mgongo.

Jamani. Nilikuwa sijui kitu.

Kwanza zile nguo. Nyeupe zote, nyeupe kama mashuka ya hospitali ya misheni, kwenye udongo wetu huu mwekundu! Wametandika mkeka mrefu katikati ya uwanja, wamechomeka vijiti vitatu huku na vitatu kule. Halafu jamaa mmoja mrefu wa upande wetu, fundi saa kwa kazi yake, akarudi nyuma, akarudi, akarudi, mpaka nikafikiri anaondoka. Kumbe anapata mbio. Akaja anakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba, akauzungusha mkono, na mpira sikuuona. Nilisikia tu. Watu wa sokoni waliokuja kucheka walinyamaza wote.

Kisha akaingia mpigaji wa Kampala, Mwalimu Kasule. Hapo ndipo minong'ono ikaanza, kwa sababu tulikuwa tumeambizana kwamba huu ni mchezo wa Wahindi na Wazungu. Huyu ni Mganda, mweusi kuliko mimi, na kazi yake ni kufundisha hesabu. Akasimama na lile gongo lake kama mtu anayesubiri basi. Fundi saa akaja na mbio zake zote. Kasule akapiga hatua moja mbele, akazungusha gongo polepole, na mpira ukapaa. Haukwenda juu kama mpira wa miguu. Ulikwenda juu kama ndege aliyeamua mwenyewe, ukapita miti, ukapotelea upande wa ziwa.

Bibi mmoja aliyekuwa ameweka ndizi zake za kuuza karibu yangu akashika kichwa, akamwita mama yake kwa Kihaya. "Mawe waitu! Yule ni mtu?"

Mwenyewe nilikuwa nimesimama na sikumbuki nilisimama lini.

Nikasahau saa. Nikasahau Nshamba. Nilipokuja kushtuka, malori yanaingia, ngoma juu, watu wanaimba. Ishengoma akaruka chini tayari amevaa viatu vya mpira.

"Katibu, hawa bado tu?"

"Wanamalizia," nikasema. (Kwa elimu gani? Niulizeni!)

Na Mungu ni mwema, dakika chache baadaye mwamuzi akapunga mikono, wachezaji wote wakaanza kutoka uwanjani. Watu wakapiga makofi. Wakapeana pongezi, wakampigapiga Kasule mgongoni, wakaelekea kwenye turubai la Mama Hasu, mke wa kapteni wetu. Mchezo umekwisha! Na alasiri bado haijafika! Nilitaka kulia kwa jinsi mipango yangu ilivyokuwa mizuri.

Nikachukua lile bomba la kutangazia, nikapanda juu ya kiti.

"Wananchi! Tumeshuhudia mchezo wa ajabu! Tunawashukuru ndugu zetu wa Kampala, wameshindwa kwa heshima! Timu yetu ya Bukoba, hongereni kwa ushindi!"

Nshamba wakapiga ngoma. Wao hupiga ngoma kwa lolote.

Nikaamuru mkeka ukunjwe. Vijana wa Ishengoma wakaukunja kama mkeka wa matanga, wakautupa pembeni, wakaanza kupasha viungo. Vijiti niling'oa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, vyote sita. Nikavifunga vizuri kwa leso yangu. Nikaenda navyo hadi kwenye turubai, bomba bado mdomoni, uwanja mzima unasikia.

"Mwalimu Kasule, kwa niaba ya wananchi wa Mkoa wa Ziwa Magharibi, pokea vijiti hivi. Ukifika nyumbani vikukumbushe siku mliyoshindwa na majirani wanaowapenda."

Kasule alikuwa na sahani ya pilau. Akaitazama ile leso. Akanitazama. Akaweka sahani chini taratibu.

"Ssebo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "nani kashinda?"

"Sisi."

"Mmeshindaje?"

"Vizuri tu," nikasema.

"Lakini, ssebo," akasema kwa upole wa mwalimu anayejua mtoto atalia, "Bukoba hawajacheza bado. Tumepiga sisi tu. Sasa tunakula, halafu wapige wao."

Jamani, bomba lilikuwa bado mdomoni. Nikasema, "Mnakula katikati ya mchezo?" na swali hilo likaenda mpaka kwenye malori.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia. Kilianzia kwa akina mama wa sambusa, kikapita kwa wageni, kikafika Nshamba, kikarudi. Yule bibi wa ndizi alikaa chini kabisa. Bwana Hasu peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkeka wake pembeni.

"Nilitaka kukwambia siku ile," akasema. "Ni siku nzima."

Ishengoma akafika, jasho linamtoka. "Siku nzima? Mechi yangu je?"

"Na wageni wangu meli yao ni kesho," akasema Bwana Hasu. "Miaka miwili, Ndugu Katibu. Miaka miwili."

Hapo kicheko kikaisha. Nikawaona watu wazima wawili wananisubiri mimi. Ningekuwa na shimo ningeingia.

Aliyetuokoa ni kiburi cha Ishengoma. Alichukua lile gongo la Kasule, akalipima mkononi, akasema, "Kwa kijiti hiki na kijipira hiki ndiyo mnapoteza siku nzima?"

Kasule akatabasamu. "Jaribu."

Wakachomeka vijiti vitatu. Fundi saa akarudi nyuma kama kawaida yake. Ishengoma, mtu anayeangusha fahali kwa mikono, akakaza meno. Mpira ukapita. Kijiti cha katikati kikaruka hewani, kikazunguka, kikaanguka mbali kabisa. Nshamba nzima ikasema "Yuu!" kwa sauti moja.

Ishengoma akalitazama lile tundu lililobaki.

"Rudia," akasema.

Kikaruka tena.

"Rudia!"

Safari ile aligonga. Ee Mungu, aligonga! Mpira ukapita juu ya malori yake mwenyewe, na yeye akabaki pale mdomo wazi kama mtoto aliyeona meli mara ya kwanza. Akawageukia watu wake.

"Mpira kesho baada ya misa. Leo tunakaa."

"Tutalala wapi?" mtu akauliza.

"Mtu wa Nshamba asiye na ndugu Bukoba ni nani? Kaeni!"

Timu ya mpira ya mjini hawakubisha. Walikuwa wamekaa tangu asubuhi, hata kuvaa jezi walisahau.

Mkeka nimeutandika mimi, nimepiga magoti, na suti yangu ile. Kila nilipochomeka kijiti, nchi mbili zilipiga makofi. Sita. Vyote sita.

Na Bukoba wameshindwa, wameshindwa vibaya, jua likizama. Lakini Bwana Hasu aliposhikana mikono na Kasule alikuwa analia na kucheka, na Kasule akamwambia mbele yetu sote, "Mwaka ujao chagua wewe tarehe, sisi tutakuja." Watu wa Nshamba waliwasindikiza wageni kwa ngoma. Mimi nilibaki uwanjani peke yangu, nikatazama upande ule wa miti ambako ule mpira wa kwanza ulikwenda. Bado siamini kwamba ni mkono wa mtu.

Kesho nasali misa ya kwanza, nyuma kabisa, karibu na mlango. Anayetaka kunicheka anicheke sasa hivi, amalize.