Doa la Wino la Nyamisangura

Waitara Mogesi,
Nyamisangura,
Tarime.
9 Machi 1996

Mhariri wa Ukurasa wa "Nyumba Safi".

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WENU WA KUONDOA WINO KWENYE NGOZI, NA YALIYONIPATA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi, na kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyekalia kalamu.

Naomba kwanza nijitambulishe. Mimi ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Kabla ya hapo nilikuwa mfugaji mkubwa wa ng'ombe wachache. Mwaka jana, kule Nyamongo, mwamba ulinionea huruma. Wenzangu waliopata siku ile ile walinunua pikipiki wakaziangusha mtoni, na walioongeza wake sasa wanakula kwa majirani. Mimi nilinunua sofa. Ni sofa la watu watatu, la ngozi halisi, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na lilivuka mpaka pale Sirari juu ya lori la vitunguu. Siku lilipofika, mama yangu mzazi, Bibi Mokami, alilizunguka mara mbili, akalipapasa mgongo, akauliza, "Waitara, huyu alikuwa ng'ombe mmoja au wawili?" Nikamwambia wawili. Akasema, "Na wote umewaingiza ndani hawatoi maziwa."

Mwezi uliopita kalamu ya wino wa bluu ilipasuka juu ya sofa hilo, pale katikati. Sitaki kumtaja aliyeikalia. Inatosha kusema suruali ilikuwa yangu. Doa lenyewe lilikuwa dogo, kama kifungo cha shati, na lingeweza kubaki hivyo kwa amani, lakini mke wangu Boke alikuwa amefungiwa maandazi kwa ukurasa wenu. Mliandika: "Wino kwenye ngozi? Usihangaike!"

Ndugu Mhariri, nimehangaika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Maziwa. Mlisema doa lipakwe maziwa ya mgando, liachwe kwa saa moja. Hamkusema mlango ufungwe. Ndama wetu aliingia, akalilamba sofa polepole, macho yamelegea, kama mtu aliyemkuta shangazi yake aliyepotea siku nyingi. Tulimtoa kwa kamba. Akarudi. Siku tatu alisimama dirishani akilia, na nilipotaka kumfukuza, Boke alinishika mkono. "Mwache amuage, Baba Joel," alisema. Doa likawa kama kisahani cha chai.

2. Limau na chumvi. Mama alitukuta tumeinama, Boke anakamua, mimi nanyunyiza. Akasema, "Mkimaliza kulitia chumvi mniite. Ugali nitasonga mimi." Doa likawa kama sahani ya wali.

3. Dawa ya meno. Sofa lilinukia kama kijana anayekwenda kuposa. Sina la kuongeza hapo.

4. Spirei ya nywele. Hii ndiyo iliyoniaibisha. Nilikwenda saluni kwa Rahima, pale mjini, nikaomba spirei. Rahima akauliza ni ya mke wangu au ya binti yangu. Mimi sijazoea kudanganya, nikasema ni ya sofa. Akanitazama, akaweka chini kitana. "Mzee Waitara," alisema, "sofa lako limeota nywele?" Wanawake watatu waliokuwa wakisukwa walitoka nje kucheka, na hadi nafika nyumbani, sokoni kote nilikuwa nikiulizwa kama sofa linanyolewa au linasukwa. Nilipopuliza, wino ulikimbia pande zote. Ukatoa matawi mawili, pembe moja, na mstari mrefu ulioshuka hadi kwenye mkono wa sofa.

5. Matiko. Huyu tulichimba naye shimo moja. Alipita kunijulia hali, akampa mama shikamoo yake, akapokea kikombe, na kikombe kikasimama kabla hakijafika mdomoni.

"Mura," aliniambia kwa sauti ya chini, kama tunavyoitana vijana wa Kikurya, "hii ramani umeitoa wapi?"

Nikamwambia ni wino.

"Wote wenye ramani wanasema hivyo hivyo." Akapiga magoti mbele ya sofa. "Huu ni Mto Mara. Hapa Nyansurura. Hapa Ringwani. Na huu mstari unaoshuka, Waitara, huu ni mwamba wa dhahabu!"

Kesho yake alikuja na watu sita. Keshokutwa sikuwahesabu. Ndugu Mhariri, watu wanakalia sofa langu kwa zamu, watano watano, wanachora kwenye madaftari. Wazee kutoka Nyansurura wamekuja kulalamika kwamba kata yao imewekwa kwenye mkunjo. Wa Ringwani wanasema sehemu nene ni yao tangu mababu. Boke anachemsha chai kwa sufuria ya harusi, na anaimba. Mama ndiye amekuwa mbaya zaidi. Amejitafutia fimbo na anaeleza: "Hapa yalikuwa maziwa, hapa limau, hapa aliingia ndama." Watu wanaandika "Limau" kama jina la kijiji. Juzi kijana mmoja aliniuliza kwa heshima kutoka Limau hadi Ringwani ni mwendo wa saa ngapi.

6. Jiko. Matiko alipima mstari kwa kamba, akagundua kwamba ukiendelezwa unapita ukutani na kutokea nyuma ya jiko langu. Wakaanza kuchimba hapo. Mimi nawajua wachimbaji, mimi ni mmoja wao, mtu akishashika sururu haambiliki. Shimo sasa linameza mtu na mikono yake ameinyoosha juu. Jiko limeinama. Uji kwenye sufuria unakaa upande mmoja. Niliogopa nyumba yote itafuata, kwa hiyo nikapanda juu ya lile rundo la udongo nikasema kweli mbele ya watu wote: kwamba ni wino, kwamba nilikalia kalamu yangu mwenyewe. Na ili waamini, nikaileta ile suruali, nikaigeuza, nikawaonyesha doa lake kwa nyuma.

Matiko akavua kofia.

"Jamani," alisema, "kumbe ramani ni mbili!"

Suruali imeondoka nao. Nasikia iko Mugumu, inalinganishwa.

Kwa hayo yote, naomba gazeti lako litimize yafuatayo bila kuchelewa. Kwanza, mtangaze ukurasa wa mbele kwamba sofa langu si sehemu ya Mkoa wa Mara. Pili, umlete mwandishi wa ule ushauri aje afukie shimo kwa mikono yake. Tatu, suruali yangu irudi, kwa kuwa ndiyo ya kuvaa mbele ya watu. Nne, msiandike tena neno lolote kuhusu usafi kwa muda wa miaka kumi.

Nisalimie wahariri wenzako, wapiga chapa, dereva anayeleta magazeti huku, na mama wa maandazi kama unamfahamu. Boke anakusalimu. Mama anakusalimu pia, anauliza lini utakuja kuona ramani.

Ni mimi niliyechoshwa na usafi,

Waitara Mogesi

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu, akaingia Hamidu, fundi wa makochi kutoka Mugumu, aliyekuja baada ya kusikia huko habari za suruali. Alitazama doa, hakuuliza Ringwani iko wapi. Alitoa spiriti na pamba, akagusagusa bila kusugua, akabadilisha pamba kila ilipogeuka bluu, akapangusa kwa kitambaa kibichi, akamalizia na mafuta kidogo. Chai haijachemka, doa limekwisha. Watu walisimama kama wanaozika. Halafu wakaenda nyuma ya jiko, wakafukia shimo wenyewe, wakasimamisha nguzo iliyolala, wakaaga.

Sasa sofa liko kama siku lilipofika. Mama ameingia, amelitazama, ametandika mkeka chini. Boke anakunywa chai yake mlangoni, amesimama. Nimewaita, "Njooni mkae." Boke akasema, "Tutalichafua, Baba Joel." Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo sikukuandikia: miezi yote kabla ya wino, sofa hili lilikuwa ndani ya nailoni, na mtu aliyethubutu kulisogelea nilimpigia kelele. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye kigoda, nikilitazama, hadi siku niliyolivua nailoni nilikalie mara ya kwanza, kalamu ikiwa mfuko wa nyuma.

Nimekaa peke yangu katikati, Ndugu Mhariri. Ni sofa kubwa sana.

Kwa hiyo barua hii usiichape. Nimekwenda jikoni nikajaza bakuli la uji wa ulezi mpaka ukingoni, nikamkalisha mama katikati, nikampa bakuli, nikamvuta Boke upande wa pili, nikamweleza mama habari za Rahima na ile spirei, maana alikuwa bado hajaisikia vizuri. Amecheka kabla hajameza.

Uji umemwagika wa kutosha. Tafadhali msitutumie ushauri.